Sahani ya Mheshimiwa

Othmani, fundi wa matairi, aliinua sahani yake hadi usawa wa macho, akaigeuza huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mama Erica, haya maharage mengine yako njiani yanakuja?"

Waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakacheka. Ruti hakucheka. Alikuwa amesimama juu ya sufuria la ugali, mwiko mikononi, jasho likimtiririka hadi kidevuni, na alijua utani ule unakoelekea kabla haujafika.

"Maharage yamepanda," alisema. "Mkaa umepanda. Ama nikupunguzie chakula ama nikuongezee bei, na bei nimekwisha kuiongeza."

"Basi si umwambie shemeji yako?" Othmani alishusha sahani mezani. "Wewe mwenyewe ulitwambia. Ulisimama pale juu ya kreti la soda ukasema, Rabson akishindwa kushusha maisha msimtafute yeye, njooni kwangu. Ndiyo mimi huyo nimekuja."

Walicheka tena, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa na mwiba ndani.

Maneno yale aliyasema kweli. Miaka mitano nyuma, Rabson, mdogo wake Osea mume wa Ruti, alipogombea udiwani wa kata ya Foleni, hapakuwa na mtu aliyemjua. Kata ile ilipewa jina na malori yanayojipanga usiku na mchana kusubiri kuvuka kwenda Zambia, na ilikuwa kata ya watu wa kuja: mafundi, mawakala wa mizigo, akina mama wa kupika na wa kuuza vitenge. Rabson alikuwa mtoto wa Hasamba, wa kule kwenye kahawa na mahindi, msomi mwenye viatu vinavyong'aa. Aliyejulikana ni Ruti. Alianza kupika kando ya foleni ile binti yake Erica akiwa bado anatambaa, na sasa Erica ameolewa Isongole, ana watoto wake. Basi akamshika shemeji yake mkono, akampitisha banda kwa banda, akawaambia watu: huyu wa nyumbani, namjua.

Ahadi zilikuwa tatu, na Ruti alizihubiri hadi koo likakauka. Bei ya maji kwenye vioski itashuka. Ushuru wa mabanda utafutwa. Na kata itapata mashine yake ya kusaga, watu waache kununua sembe ya walanguzi. "Nitashusha gharama za maisha Foleni," ndivyo Rabson alivyofunga kila mkutano, na vigelegele vya kwanza vilikuwa vya Ruti.

Sasa muda wake ulikuwa umekwisha, kampeni zimerudi, na picha za Rabson zilibandikwa hadi kwenye milango ya vyoo.

Jioni ya siku ile ile ya utani wa Othmani, Rabson mwenyewe alikuja. Alikuja peke yake, bila wapambe. Alikuwa amenenepa shingo, lakini heshima kwa mke wa kaka yake hakuwa ameipoteza. Alimsalimia kwa kuinama kidogo, akakaa kwenye benchi kama mteja na kuomba chai.

"Shemeji," alisema, "Jumamosi nafunga kampeni hapa hapa uwanja wa malori. Nataka kabla sijapanda jukwaani nile kwako. Watu waone. Wenye kamera watakuwepo."

"Karibu. Chakula ni cha kila mtu."

"Ila kuna kitu." Alitazama ubao mweusi uliotundikwa kwenye nguzo, ulioandikwa kwa chaki: ugali maharage, elfu mbili mia tano. "Huo ubao. Jumamosi uandike elfu moja mia tano."

"Hiyo ni bei ya wakati ule unaomba kura."

"Najua. Ni ya siku moja tu. Nitakuletea gunia la maharage na gunia la sembe, hutapata hasara hata kidogo. Nitakula, nitatoa noti mbele ya watu, utanipa chenji. Halafu utapanda jukwaani useme maneno mawili: maisha yameshuka. Wewe ukisema, Foleni wanaamini."

Ruti alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. "Na Jumapili?"

"Jumapili kuna nini?"

"Mtu akija Jumapili na elfu moja mia tano yake mkononi, nimwambieje?"

"Jumapili uko kanisani, shemeji." Rabson alicheka, akapuliza chai. Alipoona anacheka peke yake, alishusha sauti. "Haya mabanda yenu yako kwenye hifadhi ya barabara. Kila mwaka wanataka kuyavunja. Nani anawakingia kifua? Sikukumbushi kwa ubaya. Nasema tu tusaidiane."

"Nitafikiri," Ruti alisema.

"Kuna cha kufikiri hapo?"

"Kipo."

Gari lake lilipoondoka, Mariam wa banda la pili alisogea na beseni lake la unga wa chapati, akakaa. Alikuwa amesikia kila neno, kwa maana kati ya banda na banda palikuwa na kipande cha turubai tu.

"Magunia mawili ya bure," alisema Mariam. "Mimi kwa magunia mawili ningeandika bei ya enzi za babu yangu kule Kondoa."

"Ungeandika?"

Mariam aliugandamiza unga kwa ngumi. "Hapana," alisema. "Na wewe usiandike. Siku hiyo wewe ukiuza kwa bei hiyo, sisi wengine wote mstari mzima tutaonekana wezi. Wataonyeshwa wewe kwenye simu, halafu waje kwangu waniulize mbona mwenzako ameweza."

Neno hilo ndilo lililomkosesha Ruti raha. Alikuwa amelitazama jambo lile kama uongo wa familia, uongo mdogo wa siku moja, wa kufunika aibu ya mtu wa nyumbani. Hakuwa amefikiri kwamba ungewaangukia wenzake.

Kesho yake, wateja wa asubuhi walipopungua, alivua aproni, akamwachia Mariam ufunguo wa kabati, akaenda kujionea kwa macho. Hakutaka kusema kitu alichosikia benchini.

Alianzia kwenye kioski cha maji karibu na kanisa la Moravian. Alipanga ndoo yake pamoja na wengine, akalipa, akachota. Maji yalitoka kwa nguvu, na bei ilikuwa nusu ya ile ya zamani. Alikumbuka jinsi zamani alivyokuwa akiamka kwenda kugombania maji ya mkokoteni, akarudi na ndoo moja na matusi kumi. Alisimama pale akayatazama yale maji yakijaa, akajisemea kwamba hili Rabson amelifanya, na mtu akitaka kumnyima hili atakuwa anamwonea.

Kisha akaenda kwenye nyumba ya mashine. Ilikuwa na bati la buluu na mlango wa chuma wenye kufuli, na juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nzuri kwamba ni mradi wa wananchi. Dirisha la nyuma lilikuwa limepasuka kioo. Ruti alipanda juu ya tofali akachungulia. Hapakuwa na mashine. Palikuwa na mifuko ya saruji, mabango ya kampeni, na viti vya plastiki vilivyopangwa hadi darini.

Ushuru hakuhitaji kuutafuta. Ushuru ulikuwa umefutwa kweli, kwa sherehe na ngoma, na mwezi uliofuata ofisi ya kata ikaleta kitu kinachoitwa mchango wa usafi, kikubwa kuliko ushuru wenyewe. Takataka waliendelea kuzoa wao, kwa mikono yao, na kuzichoma nyuma ya mabanda.

Alirudi kupika akiwa na jibu lake.

Osea alikuja kutoka Hasamba siku ya Alhamisi. Alikuwa mtu mpole, mrefu, wa maneno machache, aliyependa mibuni yake kuliko mji. Alikaa jikoni kwenye kigoda, akamenya vitunguu bila kuombwa, na kwa namna alivyovimenya polepole Ruti akajua ametumwa.

"Mdogo wangu kanipigia," alisema. "Anasema hujamjibu."

"Mwambie aje ale. Bei ni ile iliyoandikwa ubaoni. Na akitaka niseme, nitasema."

"Utasema nini?"

"Nilichokiona."

Osea aliweka kisu chini. "Mama Erica, huyo ni damu yangu. Nilimsomesha kwa kahawa. Ukimwaibisha yeye, umeniaibisha mimi, umemwaibisha na mama kule nyumbani."

"Na mimi ni nani?" Hakupandisha sauti. "Kule Hasamba mahindi yako yako ghalani, maharage unachuma mlangoni. Hakuna anayekuuliza maisha yameshuka au hayajashuka. Mimi hapa naulizwa kila siku, na kila sahani ninayoitoa. Nilikwenda banda kwa banda kwa jina langu, siyo kwa jina lake. Jina hilo likichafuka, yeye ana gari la kuondokea. Mimi nabaki na mabenchi haya."

"Akishindwa?"

"Akishindwa atakuwa ameshindwa na alichokifanya."

Osea hakubisha tena. Lakini yeye hakuwa mtu wa kubeba maneno makali, na alipompigia mdogo wake alisema tu kwamba shemeji yako anakukaribisha. Hilo Ruti alikuja kulijua baadaye.

Ijumaa alikuja mwingine. Huyu aliitwa Idrisa, wakala wa mizigo, mtu wa makamo mwenye maneno laini, na ndiye aliyekuwa akipingana na Rabson katika uchaguzi ule. Habari za magunia mawili zilikuwa zimeshamfikia. Foleni hakuna kinachokaa siri. Aliagiza wali, akala wote, akasifu, kisha akatoa simu.

"Mama, mimi sikuombi udanganye," alisema. "Sema tu ukweli hapa, nikurekodi dakika moja. Sema diwani hajafanya kitu. Nikishinda, banda lako nitalijengea kwa tofali."

"Maji je?"

"Maji gani?"

"Maji ya kioski. Yameshuka nusu."

Idrisa alitabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto. "Hayo yaache. Usiyataje. Ukiyataja, maneno yanapoteza nguvu."

"Basi na wewe unataka niandike ubao," Ruti alisema.

Idrisa hakumwelewa. Ruti alichukua sahani yake, akamwambia bei, akangoja hadi alipolipa.

Jumamosi uwanja ulijaa kabla ya saa sita. Spika zilipiga muziki hadi masufuria yakatetemeka. Asubuhi mapema pikipiki ya miguu mitatu ilikuja na magunia mawili. Ruti akamwambia dereva ayarudishe, dereva akasema ameambiwa ashushe tu, akayaegemeza kwenye nguzo na kuondoka. Yalibaki pale pale, midomo imeshonwa. Alipika maharage yake mwenyewe.

Rabson alifika akiwa amezungukwa na watu. Walikuwa wengi mno, wamevaa fulana za sura yake, na walisukumana kuingia chini ya turubai hadi ubao ukafichwa na migongo yao. Osea alikuwa nyuma kabisa, ameshika kofia mkononi. Rabson alinawa, akakaa benchini, kamera mbili zikamwelekea. Ruti alimpakulia kama anavyompakulia kila mtu: ugali, maharage, mchicha kidogo pembeni. Akamwekea mbele kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," Rabson alisema kwa sauti ya jukwaani huku akiinua sahani ionekane, "kuna wanaosema maisha Foleni hayashikiki. Mtazameni mama huyu. Chakula hiki, kinachoshibisha namna hii, ni elfu moja mia tano." Alitoa noti ya elfu mbili, akainyoosha vidole vikiwa juu. "Shemeji, shika hii, unipe chenji yangu."

Ruti aliipokea noti ile. Aliitazama, kisha akaitazama sura ya Rabson. Angeweza kuingiza mkono mfukoni mwa aproni. Sarafu ya mia tano ilikuwamo, aliihisi pajani.

"Haitoshi, shemeji," alisema.

Rabson alicheka. "Shemeji yangu anapenda utani."

"Sitanii. Ni elfu mbili mia tano. Imeandikwa hapo nyuma yako, hao vijana wakisogea utaona."

Vijana waligeuka bila kujua wanageukia nini, na ubao ukaonekana. Mtu mmoja alisoma kwa sauti. Kelele ikaanza benchi la kwanza ikaenda hadi kwenye malori, na aliyekuwa akipiga muziki, kwa kutaka kusikia, akauzima.

Rabson alimsogelea, midomo ikitabasamu, meno yamefungwa. "Unafanya nini?"

"Ulisema niseme," Ruti alimjibu, naye hakunong'ona. Akawageukia watu. "Mimi ndiye niliyewaambia akishindwa mje kwangu. Mmekuja sana, na mimi nimekuwa nawapa majibu ya kukwepa. Leo nawapa jibu lenyewe. Aliahidi mambo matatu. La kwanza maji. Nimekwenda kuchota mwenyewe, maji yapo na yameshuka nusu. Hilo amelifanya. Mpigieni makofi."

Watu walisita, kisha wakapiga, na wengine kwa nguvu, hasa akina mama. Rabson akainua mkono kushukuru, bega likamshuka. Alidhani dhoruba imepita.

"La pili, ushuru. Ushuru aliufuta, akatuletea mchango wa usafi ulio mkubwa kuliko ushuru, na uchafu tunazoa sisi. La tatu, mashine ya kusaga. Nyumba ipo. Nimechungulia dirishani. Ndani mna viti na saruji, na sembe tunanunua kwa walanguzi kama zamani."

"Shemeji, vitu vimepanda kila mahali," Rabson alisema. Sauti ya jukwaani ilikuwa imemkimbia. "Mafuta ya kula nitayashusha mimi? Diwani?"

"Mafuta sikuulizi. Mkaa sikuulizi. Hayo hayako mikononi mwako, na mimi siyo mtoto. Nakuuliza uliyoyasema kwa kinywa chako." Aliiweka ile noti mezani. "Umeshusha maji, na tunakushukuru. Maisha hujayashusha. Usitwambie umeyashusha, maana sisi ndio tunaoyaishi."

Hapo Idrisa alijitokeza pembeni, simu imeinuliwa juu. "Mmesikia wenyewe! Hajafanya kitu chochote huyu!"

"Wewe nawe usinitafsiri," Ruti alimwambia. "Nimesema maji amefanya. Jana ulinitaka niyafiche, nikakataa. Ukishinda wewe, nitakupima hivi hivi."

Kicheko kilichopasuka pale hakikuwa na upande. Idrisa alishusha simu. Rabson alisimama, akatoa mia tano iliyopungua, akaiweka mezani taratibu, na akaondoka bila kugusa tonge. Othmani alisubiri hadi wa mwisho wao amepita, akauliza kama sahani ile ina mwenyewe.

Osea aliondoka na gari la jioni bila kuaga.

Jumatatu, mkusanyaji wa mchango alikuja na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa mtu anayekula kwa Ruti kila siku, na hakuweza kumtazama machoni. "Nimetumwa," alisema.

"Na nani?"

"Nimetumwa tu, mama."

Alichora alama ya X, ya kuvunjwa, kwenye mbao za mbele za banda la Ruti. Katika mstari mzima, alichorewa yeye peke yake. Aliharakisha, na mguu mmoja wa alama ukapinda.

"Kama unachora, chora vizuri," Ruti alimwambia. "Hiyo itakaa muda mrefu, watu wataisoma."

Kisha akamwambia kwamba mchango wa usafi hatautoa tena, hadi atokee mtu wa kumwonyesha uchafu uliozolewa kwa mchango huo. Mkusanyaji alihamia kwa Mariam. Mariam alikuwa anageuza chapati. "Mimi pia," alisema bila kuinua kichwa. Akaenda banda la tatu, na la nne. Mwisho wa mstari alikuwa bado na stakabadhi zake zote mkononi. Asubuhi iliyofuata, Ruti alipofika alikuta wenzake wamehamishia majiko yao mbele ya banda lake, moto unawaka kila upande, kiasi kwamba mwenye kutaka kulivunja angelazimika kuruka masufuria ya kata nzima. Dereva mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyekuwa akingoja chai alitazama moshi ule wote akauliza kuna sherehe gani. "Hakuna sherehe, tunafanya kazi," alijibiwa, akacheka, akashukuru kwa Kibemba, "Natotela, mayo," akapokea kikombe chake.

Uchaguzi ulipita. Rabson alishinda, ila kwa kura chache sana, na kituo cha uwanja wa malori kilimkataa. Kuna waliomlaumu Ruti kwamba asingeyataja maji, Rabson angeanguka. Kuna waliomlaumu kwamba angenyamaza, familia isingegawanyika. Wote aliwauzia chakula.

Banda halikuvunjwa. Alama haikufutwa pia. Wiki kadhaa baadaye, siku ya mvua, Osea alishuka kutoka kwenye fuso la mahindi akiwa na kiroba cha maharage begani, maharage ya shamba lake, akakitua jikoni na kukaa kwenye kigoda kile kile.

"Mama amesema uende ukaombe radhi," alisema.

"Kwa lipi?"

"Hivyo ndivyo nilivyomuuliza." Alivua koti lililolowa. "Hakunijibu. Na mimi sikuongeza neno. Kuna kisu? Hivi vitunguu vinangoja nini?"

Ruti alimpa kisu. Kisha akaongeza maji kwenye sufuria.

Kikao cha kata kilipoitishwa, akina mama kumi na kitu walifunga mabanda wakati wa chakula cha mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea Foleni, wakavaa vitenge vyao vya kanisani na mabaibui yao ya sikukuu, wakaenda kukaa mistari ya nyuma. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Rabson. Alipowaona aliinamisha macho kwenye karatasi zake kwa muda mrefu. Alisoma ajenda hadi akafika kwenye mchango wa usafi, akasema, baada ya kutafakari na kwa kuwahurumia wananchi, ofisi inapendekeza upunguzwe kwa nusu.

Wajumbe wa mbele walipiga makofi. Nyuma hakuna aliyepiga.

Ruti alisimama. Tangu aolewe Hasamba hakuwahi kumwita Rabson kwa jina lingine ila shemeji.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, na Rabson akainua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa na asiyemjua. "Tunashukuru kwa nusu. Lakini neno tulilolisikia jukwaani lilikuwa kufuta. Nusu ya kufuta ni nini? Tunaomba mchango usimame wote, tusomewe uliokusanywa ulikwenda wapi, ndipo tuzungumze."

"Na kama kikao kikikataa?"

"Kikikataa tutaendelea kutolipa. Hatutagombana na mtu. Tutapika."

Mtendaji wa kata alimnong'oneza Rabson kitu, Rabson akatikisa kichwa. Alimtazama Ruti, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile hakuwa na tabasamu la kujikinga wala hasira. Alionekana amechoka, na amefanana sana na Osea.

"Mchango usimame," alisema. "Mtendaji ataleta maelezo kikao kijacho. Andikeni."

Walitoka nje mvua ikiwa imekatika. Hakuna aliyepiga kigelegele. Walirudi kwa miguu, wameshika viatu mikononi kwa sababu ya tope, wakiharakisha kuwahi wateja wa jioni, na njia ikawapitisha mbele ya ile nyumba yenye bati la buluu. Kufuli lilikuwa pale pale mlangoni.

Mariam alisimama, akainyoshea kidole. "Na hii?"

"Hiyo ni ya kikao kijacho," Ruti alisema bila kupunguza mwendo, na kikao hicho kilipoitishwa, walikwenda.